Taa za nyuma za 4x4 kuukuu: kuhamia LED bila kuharibu nyaya

Mtu akinunua Land Cruiser, Defender, Pajero au Hilux ya zamani hapa Nairobi, haichukui muda kabla hajauliza maswali haya. Ninunue taa gani za LED za nyuma? Kwa nini indiketa inapepesa haraka mno baada ya kubadilisha balbu? Kwa nini nikikanyaga breki taa ndogo ya upande mmoja inazimika? Maswali ni yale yale kila mara, kwa hiyo nimeyajibu hapa kwa kufuata mpangilio wa kazi yenyewe, kuanzia dukani hadi usiku wa kujaribu.

Mwongozo huu ni wa gari la volti 12 lenye balbu za kawaida. Kama lako ni la kisasa na kompyuta yake hukuonyesha onyo balbu ikiungua, soma kwanza sehemu ya matatizo huko chini kabla ya kutoa pesa.

Kuna jambo moja nataka ulishike tangu sasa. Taa za nyuma zikiwa hafifu, mara nyingi balbu haina kosa. Kosa ni la arthi, yaani ule waya unaorudisha umeme kwenye bodi na chesisi. Balbu ya kawaida ikikosa volti 1 tu kati ya 12, mwanga wake hupungua karibu robo nzima, na skrubu moja yenye kutu inatosha kula volti hiyo na zaidi. Ukifunga LED za bei kubwa juu ya arthi mbovu, zitapendeza kwa wiki chache kisha zianze vituko. Arthi kwanza, taa baadaye.

Je, kazi hii ina faida ya kweli? Ina, na kubwa. Balbu ya kawaida lazima uzi wake upate moto ndipo iwake, na hapo inapotea takriban sehemu ya tano ya sekunde. LED huwaka papo hapo. Kwa mwendo wa kilomita 100 kwa saa, gari lililo nyuma yako linakata mita 5 na nusu katika muda huo. Ukiwa unateremka Mai Mahiu na lori limekukaribia, au umeingia kwenye ukungu wa Kimende alfajiri, mita 5 na nusu ni nyingi sana. Isitoshe, LED haina uzi wa kukatika. Barabara za mawimbi za Magadi na Mara huua balbu za breki bila dereva kujua, maana taa ya breki ni kati ya taa ambazo mwenye gari hazioni zikifanya kazi.

Balbu za LED au taa nzima?

Njia ni mbili. Ya kwanza ni kuacha taa ya zamani na kubadilisha balbu tu. Ni rahisi, na kama kioo chako bado ni kizuri unaweza kuanzia hapo. Ila fahamu kwamba bakuli la ndani la taa ya zamani lilitengenezwa kwa ajili ya uzi mdogo wa balbu ulio mahali mahususi. LED ikikaa humo, mara nyingine mwanga hutawanyika vibaya na kuacha sehemu ya kioo ikiwa giza. Ukifuata njia hii, nunua LED nyekundu kwa kioo chekundu na ya rangi ya chungwa kwa kioo cha indiketa. LED nyeupe nyuma ya kioo chekundu hupoteza mwanga mwingi.

Njia ya pili ni kununua taa nzima iliyotengenezwa ikiwa LED, imefungwa kabisa, na nyaya zinatoka nyuma. Mimi nashauri hii kwa gari linalotoka mjini. Haipitishi vumbi, haishiki kutu ndani, na ukivuka mto haina cha kuogopa. Hatua zilizo hapa chini zimeandikwa kwa njia hii ya pili. Wa balbu utaruka hatua chache tu.

Ukienda dukani

Kirinyaga Road utapata karibu kila aina, na Industrial Area kuna maduka yanayouza vitu vya malori na trela. Hapo ndipo watu hupotea, kwa sababu taa za malori ni za volti 24 na kwa macho zinafanana kabisa na za volti 12. Ya volti 24 ukiifunga kwenye gari lako itawaka kwa unyonge au isiwake kabisa. Zipo zilizoandikwa volti 10 hadi 30, hizo zinakubali zote mbili. Mwombe muuzaji akuwashie kwa betri hapo hapo, taa ndogo peke yake, kisha breki, kisha indiketa. Muuzaji mzuri hakatai.

Geuza taa usome maandishi yaliyochongwa kwenye kioo. Herufi E ndani ya duara pamoja na namba inaonyesha kwamba taa ilipitishwa kwa viwango vya kimataifa, na namba hiyo ni ya nchi iliyoipitisha: 1 ni Ujerumani, 4 ni Uholanzi, 11 ni Uingereza. Karibu na hapo utaona alama za kazi ya taa: R ni taa ndogo ya nyuma, S1 ni breki, 2a ni indiketa ya nyuma, AR ni rivasi, F ni taa ya ukungu, IA ni kirudisha mwanga. Taa isiyo na alama yoyote huenda ni ya mapambo tu. Alama zenyewe zinaweza kughushiwa, kwa hiyo bado iwashe uione kwa macho yako.

Tafuta pia IP67. Namba 6 ina maana vumbi haliingii, na 7 ina maana taa inastahimili kuzamishwa majini hadi mita 1 kwa dakika 30. Kwa anayeosha gari kwa mashine ya presha kila Jumamosi, IP69K ni bora zaidi, kwani kipimo hicho ni cha maji ya moto yanayopigwa kwa nguvu kutoka karibu.

Usisahau kirudisha mwanga. Taa nyingi nzuri za duara za LED hazina kile kioo chekundu kinachorudisha mwanga wa gari lingine. Ukiondoa taa ya zamani iliyokuwa nacho na usiweke kingine, siku gari litakapozimika gizani bila betri hakuna atakayeliona mpaka uweke laifseva (ile pembetatu ya tahadhari) barabarani. Nunua viwili vyekundu, uvifunge kwenye bampa au bodi. Angalia pia taa ya namba ya gari. Kwenye baadhi ya magari taa ya nyuma ndiyo inayomulika namba kupitia kidirisha cheupe chini yake. Ukiiondoa, weka taa ndogo nyeupe ya namba.

Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Taa mpya mbili, au nne ikiwa ni za duara zilizotenganishwa
- Rilei ya indiketa (kile kifaa kinachoifanya ipepese) inayokubali LED
- Multimeta (kipima umeme), na testa ya volti 12
- Spana na bisibisi za gari lako, na mafuta ya kulegeza kutu
- Brashi ya waya na msasa
- Waya wa gari wa milimita 1 au 1.5 za mraba. Wa nyumba haufai, ni mgumu na hukatika kwa mtikisiko
- Viunganishi vya kubana na koleo lake halisi la kubania
- Mirija inayonywea kwa joto, ikiwezekana yenye gundi ndani
- Bomba la plastiki lenye mikunjo la kufunikia nyaya, na vifungo vya plastiki
- Raba za kupitishia waya kwenye matundu ya bati
- Vaselini, na rangi kidogo ya kuzuia kutu
- Mtu wa kukanyaga breki, au fimbo ya kukaza kati ya kiti na pedali

Tenga siku nzima. Fundi mzoefu atamaliza mapema, lakini gari kuukuu lina skrubu zake zisizotaka kufunguka, na ukiharakisha utavunja.

Hatua za kazi

1. Piga picha kila kitu kabla ya kugusa. Taa ilivyokaa, nyaya zilivyoingia, rangi za nyaya, soketi. Kisha washa taa moja moja uandike inayofanya kazi na isiyofanya. Ukianza na gari lenye ugonjwa usioujua, baadaye utailaumu taa mpya bure.

2. Tambua nyaya zako, betri ikiwa bado imeunganishwa. Kwenye Toyota, arthi huwa ni waya mweupe wenye mstari mweusi. Kwenye Defender na Land Rover za zamani, arthi ni nyeusi, breki ni kijani chenye mstari wa zambarau, indiketa ya kushoto ni kijani na nyekundu, ya kulia ni kijani na nyeupe, rivasi ni kijani na kahawia, na taa ndogo ziko kwenye jamii ya nyekundu. Hata hivyo usiamini rangi peke yake. Pikapu nyingi za Land Cruiser zilizoko Kenya zilifungwa bodi ya nyuma hapa hapa nchini, na aliyefunga bodi alitumia waya aliokuwa nao siku hiyo. Weka testa kwenye kila waya, mwenzako awashe taa ndogo, akanyage breki, awashe indiketa, aingize rivasi. Kila waya ukishajulikana, ufunge kipande cha teipu ukiandike jina.

Kama gari lako lina betri mbili, pima kabla ya kudhani. Betri mbili zinaweza kuwa zimeunganishwa sambamba na kutoa volti 12, au zimefuatana na kutoa 24. Usipime kwenye betri pekee. Pima kwenye waya wa taa yenyewe ikiwa imewashwa.

3. Pima arthi. Hii ndiyo hatua inayorukwa na karibu kila mtu, na ndiyo yenye thamani kuliko zote. Weka multimeta kwenye volti za DC. Ncha nyeusi iguse kichwa cha hasi cha betri. Utahitaji waya mrefu kuifikia. Ncha nyekundu iguse waya wa arthi pale kwenye taa ya nyuma. Sasa washa taa ndogo, ukanyage na breki, ukiwa bado na balbu za zamani kwa sababu zinavuta umeme wa kutosha kuonyesha ugonjwa. Multimeta ikisoma chini ya volti 0.2, arthi yako ni nzima. Ikisoma 0.5, inaumwa. Ikipita 1, hapo umepata jibu la taa zako hafifu hata kabla ya kufungua boksi la LED.

4. Toa kichwa cha hasi cha betri. Kama redio yako ina namba ya siri, hakikisha unaijua.

5. Ondoa taa za zamani. Kwenye Prado na Pajero nyingi, fungua mlango wa nyuma utaona skrubu mbili za pembeni, kisha taa huvutwa taratibu kuelekea nyuma. Ishike kwa mikono miwili, usiipindue kwa bisibisi maana bodi itachubuka. Kwenye Defender na pikapu, skrubu ziko kwenye kioo chenyewe au nati ziko nyuma ya bati. Zilizoshika kutu zinyunyizie mafuta usiku uliotangulia.

6. Tengeneza arthi upya. Hata kama kipimo kilikuwa kizuri, nashauri ufanye hivi. Chagua mahali pa chesisi, si bati jembamba la bodi. Kwangua rangi kwa brashi na msasa mpaka chuma king'ae, funga kwa bolti na washa yenye meno, kisha paka vaselini juu baada ya kukaza. Vuta waya mmoja wa arthi kutoka hapo hadi kila taa. Kwa Defender ni lazima, kwa sababu bodi yake ni ya alumini na bolti ni za chuma. Metali hizo mbili zikikutana na maji ya mvua huliana, na mawasiliano ya umeme hufa polepole pasipo mtu kuona.

7. Jaribu taa mpya kabla ya kuifunga. Iunganishe kwa muda, rudisha betri, washa kazi zote. LED ina chanya na hasi. Ukigeuza nyaya, nyingi hazitawaka ila hazitaharibika, lakini za bei rahisi zinaweza kuungua. Waya wa taa ndogo na wa breki ukivibadilishana, taa itawaka kwa nguvu usiku kucha na breki itaonekana hafifu. Kosa hili ni la kawaida na ni la hatari. Ukiridhika, toa tena betri.

8. Toboa panapohitajika. Kama taa mpya ni ya umbo lingine, kata kipande cha katoni kwa umbo lake, kibandike kwenye bodi, rudi nyuma hatua chache uangalie kama pande zote mbili ziko usawa. Pima kutoka ardhini na kutoka ukingo wa bodi. Toboa kwa ncha ndogo kwanza, kisha kubwa. Kingo za tundu zilainishe, zipake rangi ya kuzuia kutu, ziache zikauke, kisha weka raba ndipo upitishe waya. Bati lisilo na raba litakata waya siku moja, na siku hiyo fyuzi itaungua barabarani.

9. Unganisha nyaya. Hapa naomba unisikilize. Kusokota nyaya mbili kwa vidole na kuzizungushia teipu nyeusi si kuunganisha. Teipu hulegea kwa joto la jua, maji huingia, shaba hugeuka kijani, na utarudi hapo hapo mvua za Machi zikianza. Tumia kiunganishi cha kubana, ukibane kwa koleo lake, uvute kwa nguvu kuona kama kinachomoka, kisha funika kwa mrija unaonywea na uupashe moto hadi gundi itoke pembeni. Ukipenda kulehemu kwa risasi ni sawa, ila waya ulioshika risasi huwa mgumu, kwa hiyo ushikize karibu na kiungo usitikisike. Vile viplastiki vya bluu vinavyong'ata waya pasipo kuumenya viache dukani. Vinakata nyuzi za waya na kukaribisha maji.

10. Badilisha rilei ya indiketa. Rilei ya zamani hupima umeme unaopita. Balbu za indiketa za wati 21 zikipungua, inadhani moja imeungua na kupepesa haraka ili ikuonye. LED zinavuta kidogo sana, hivyo inadhani zote zimeungua. Rilei ya LED haijali kiasi cha umeme. Kasi sahihi ni mipepeso 60 hadi 120 kwa dakika. Kabla ya kununua, chomoa ya zamani uende nayo dukani, kwa maana miguu inatofautiana. B ni umeme unaoingia, L ni unaokwenda kwenye taa, E ni arthi. Rilei ya miguu miwili haina arthi, na ukiweka ya miguu mitatu itabidi uvute waya wa arthi mwenyewe. Kwenye magari mengi ya Japani ya miaka ya karibuni, rilei ni kiboksi cha miguu minane kinachobeba hazadi pia, kwa hiyo usilazimishe ya miguu mitatu.

Wengine watakuambia ufunge rezista za omu 6 kwenye kila indiketa badala ya kubadilisha rilei. Zinafanya kazi, lakini kila moja hula zaidi ya wati 25 inapowaka na hupata moto wa kuyeyusha plastiki. Ukilazimika, ifunge kwa skrubu kwenye chuma, mbali na nyaya na kapeti. Binafsi sizipendi.

11. Taa ya rivasi. Wengi hutaka kuongeza mwanga hapa, na wana haki, kwa sababu taa ya rivasi ya kiwandani haimuliki kitu msituni. LED ndogo ya wati 10 unaweza kuiunganisha moja kwa moja kwenye waya wa rivasi. Kubwa zaidi ya hapo, au zikiwa mbili, tumia rilei ya kawaida, yaani swichi inayowashwa na umeme: mguu 30 upate umeme wa betri kupitia fyuzi, 87 uende kwenye taa, 86 upate waya wa rivasi, na 85 uende arthi. Fyuzi ikae karibu na betri. Usiweke swichi itakayoiwasha ukiwa unakwenda mbele. Mwanga mweupe unaomulika nyuma humpofusha anayekufuata, na askari wa trafiki wana haki ya kukusimamisha.

12. Panga nyaya na uzibe. Ziingize kwenye bomba la plastiki, zifunge kila baada ya sentimita 20 hivi, mbali na bomba la moshi, springi na eksili. Acha ulegevu kidogo karibu na taa, na tengeneza mteremko mdogo kabla ya waya kuingia kwenye taa ili maji yadondoke chini badala ya kuufuata waya hadi ndani. Ukitumia silikoni kuziba, chagua isiyonuka siki. Ile yenye harufu ya siki hutoa asidi inayokula shaba.

13. Rudisha betri, kisha jaribu usiku. Simama mita 10 nyuma ya gari, kisha mita 50. Mwenzako awashe taa ndogo, akanyage breki, aache, akanyage tena. Tofauti kati ya taa ndogo na breki lazima ionekane mara moja bila kufikiri. Kama unalazimika kulinganisha, taa hiyo haifai hata kama inang'aa sana. Kisha awashe vyote kwa pamoja: taa ndogo, breki, indiketa ya kushoto, halafu ya kulia. Hakuna hata moja inayopaswa kufifia nyingine ikiwaka.

Makosa ninayoyaona kila mara

Kuongeza ukubwa wa fyuzi kwa sababu ya zamani inaungua. LED hupunguza mzigo, haziuongezi. Balbu mbili za breki zilikuwa zinavuta takriban ampea 3.5, na LED mbili huvuta chini ya 1. Kama fyuzi inaungua baada ya kazi yako, waya unagusa bati mahali fulani. Utafute.

Kupaka vioo rangi nyeusi, au kununua taa zenye kioo cha moshi. Mchana wa jua kali breki hazionekani kabisa. Vivyo hivyo breki zinazopepesa kama disko na taa za bluu nyuma: nyuma ya gari rangi ni nyekundu kwa taa ndogo na breki, ya chungwa kwa indiketa, nyeupe kwa rivasi na namba. NTSA wakikagua gari wataangalia taa, na ni aibu kurudishwa nyumbani kwa sababu ya urembo.

Kuwasha taa nyekundu ya ukungu wakati hakuna ukungu. Taa hiyo ni kali kwa makusudi. Kimende ikiwa nyeupe tupu, iwashe. Ukifika Naivasha, izime.

Kusahau wezi. Taa mpya zinazong'aa Nairobi ni mali ya kuuzika. Tumia skrubu zenye vichwa visivyofunguka kwa bisibisi ya kawaida, chonga namba ya gari kwenye kioo pembeni pasipozuia mwanga, na kwa pikapu funga kile kikapu cha nondo nyembamba juu ya taa. Hakikisha tu nondo hazifuniki taa yenyewe.

Ikileta matatizo

*Indiketa bado inapepesa haraka.* Rilei si ya LED, au umebadilisha ya indiketa na hazadi ina yake. Kwenye baadhi ya magari ziko mbili.

*Indiketa inawaka moja kwa moja bila kupepesa.* Mara nyingi arthi ya rilei haijashika, au miguu ya B na L imebadilishana.

*Ukiwasha indiketa ya upande mmoja, zote nne zinapepesa.* Dashibodi ya gari lako ina balbu moja inayotumika kwa kushoto na kulia. Umeme unapita kwenye balbu hiyo hadi upande wa pili, na LED kwa kuwa zinahitaji umeme kidogo sana zinawaka. Dawa ni diodi mbili (vipande vinavyopitisha umeme upande mmoja tu) aina ya 1N4007: kila upande upeleke umeme kwenye balbu hiyo kupitia diodi yake, mstari wa diodi ukielekea kwenye balbu, na mguu wa pili wa balbu uende arthi.

*Taa ndogo inafifia au kuzimika ukikanyaga breki, au indiketa inavuta taa nyingine.* Arthi. Rudi hatua ya 3 na ya 6.

*LED inawaka kwa mbali hata gari likiwa limezimwa.* Kuna umeme mdogo unaovuja, mara nyingi kwenye swichi ya breki iliyochakaa au soketi ya trela yenye maji. Chomoa trela kwanza, fungua soketi uisafishe, kisha kagua swichi.

*Dashibodi inaonyesha onyo la balbu kuungua.* Kompyuta inapima umeme. Nunua LED zilizotengenezwa kwa magari ya aina hiyo, au rudisha balbu za kawaida zenye ubora. Usikate waya wa onyo.

*Unyevu ndani ya kioo baada ya kuweka balbu za LED kwenye taa ya zamani.* Joto la balbu ya kawaida lilikuwa linaukausha, na LED haina joto hilo. Badilisha raba ya kioo, na usizibe lile tundu dogo la chini ambalo ni la kutoa maji.

*Taa ya upande mmoja ni hafifu kuliko nyingine.* Badilishanisha taa za pande mbili. Unyonge ukihama pamoja na taa, rudisha taa dukani. Ukibaki upande ule ule, tatizo liko kwenye waya, na multimeta itakuonyesha ni wapi volti zinapotelea: anza kwenye fyuzi, fuata kiungo kimoja kimoja kwenda nyuma, mpaka ukute mahali ambapo namba inashuka ghafla.